Ziwa Lisilo na Mto

Saa nne kasorobo, Darasa la Tano.
Nimeandika ubaoni nusu kujumlisha robo
na maziwa yamekuja.
Hayakubisha hodi. Yamelowesha blauzi
upande wa kushoto, kisha wa kulia,
na Ambindwile, mtoto asiyejua kunyamaza,
anauliza: Mwalimu, umenyeshewa saa ngapi?

Tukuyu mvua haikosi kusingiziwa.
Namwambia: asubuhi.
Nakumbatia daftari la mahudhurio
na somo linaendelea.
Lusekelo yuko kwa bibi yake, ng'ambo ya Kiwira,
miezi minne na siku tatu,
ananyonya kidole gumba.

Huku kwetu kuna ziwa juu ya mlima, Ngosi.
Maji yanaingia, na hakuna mto unaotoka.
Wageni hutoa hela kulipandia, wakalipiga picha.
Langu halina mgeni.
Lilivimba Jumatatu, Jumatano likawa jiwe,
Ijumaa nikatetemeka mbele ya mwalimu mkuu
nikisema ni baridi tu.

Sista Atuganile alinikalisha kwenye benchi la wodi ya wazazi,
akachovya kitambaa kwenye maji ya moto,
akaweka vidole viwili nyuma ya weusi wa chuchu.
Sukuma kuelekea mbavuni, ndipo ubane.
Usivute. Ziwa si kamba.
Dakika arobaini.
Kikombe cha bati kikajaa mpaka kwenye ua lililochorwa.
Kisha akafungua fomu ya bima
atafute pa kuandika kazi aliyoifanya.
Alishuka mstari kwa mstari, akageuza, akarudi.
Akaandika "ushauri", akaukata.
Nenda, mama, akasema. Hii iwe ya Mungu.

Nikaenda Mbeya mjini na kadi yangu.
Kijana wa dirisha la tatu, mpole, nisimsingizie,
alifunua orodha kwa kidole chenye wino.
Pampu ya maziwa haimo, mama.
Dawa ya homa imo.
Likigeuka jipu, kulipasua kumo,
na kitanda, siku tano.

Kwa hiyo nisubiri liive?

Akatazama foleni nyuma ya bega langu.
Mimi sijasema hivyo.

Kweli hakusema. Orodha ndiyo iliyosema.

Jioni, kwa jirani yetu Mwasandube,
mashine ya kukamulia inanguruma zizini,
mkopo wa chama cha wafugaji.
Ng'ombe wake akivimba kiwele
daktari wa mifugo anafika kabla chai haijapoa.
Sina wivu na ng'ombe.
Ninao kidogo.

Na makato, kila mwisho wa mwezi,
hayajawahi kunisahau kwenye karatasi ya mshahara.
Siyalaani. Yalilipia kisu kilichomtoa Lusekelo,
yalilipia chupa mbili za damu ya watu nisiowajua.
Ila nilipotoka leba nikiwa hai
mtu akafunga faili,
kana kwamba kuzaa ni siku moja,
kana kwamba mtoto hula usiku ule tu.

Leo saa nne nimejifungia stoo ya chaki,
kiti nimekiegemeza mlangoni,
kikombe chenye ua mapajani.
Vidole viwili. Mbavuni kwanza.
Huko nje Darasa la Tano wanajumlisha bila mimi,
kelele tupu, na sauti ya Ambindwile juu ya zote:
jibu ni robo tatu! robo tatu!
Amepata, mwana wa watu.
Nitakifunika kikombe kwa sahani, nikiweke dirishani,
baridi ya Juni ikitunze;
hiyo hatukujaziwa fomu.

Tone la kwanza linagonga bati.
Lusekelo, hilo lako.
La pili limeruka, limeangukia chaki.
Subiri.